Absalom Aliposema Chuny Inamuuma

Absalom Okinyi ni fundi wa sofa pale Mamboleo, Kisumu, mzee wa kanisa mwenye sauti nene na vicheko vingi. Mwaka jana binti yake Elsie alijifungua pacha huko Asembo Bay. Dorca, mkewe Absalom, akaenda kumsaidia, akisema atakaa kidogo tu. Wajukuu wakamteka.

Nyumbani Manyatta, Absalom akagundua kwamba ugali haujipiki. Akahamia chipsi: mchana chipsi na soda, jioni chipsi na soda tena, na kwa kuwa nyumba ilikuwa kimya mno, akaongeza soda nyingine mbele ya televisheni. Tumbo likatangulia mlangoni. Usingizi ukampotea. Alipoanza kupigilia misumari bila kuimba, jirani yake wa kazini, Oduor, akamsukuma hadi kliniki.

Daktari aliyekuwapo ni Walubengo, kijana wa Bungoma aliyehamia karibuni na kuokoteza Kijaluo chake buchani.

"Mzee, shida iko wapi?"

Absalom akashusha pumzi. "Daktari, chunya lit."

Kwa Wajaluo, chuny ni ini, na ndiyo hiyo hiyo moyo wa mapenzi na majonzi. Absalom alikuwa akisema ana huzuni. Walubengo alijua ile ya buchani tu.

"Ini linauma? Lala hapa." Akambonyeza chini ya mbavu za kulia. "Unakunywa sana?"

"Soda?"

"Pombe, Mzee."

"Mimi ni mzee wa kanisa!"

"Hata hao nimewatibu."

Kabla Absalom hajajieleza, alishapakwa mafuta baridi tumboni na mashine ya kupiga picha ikawashwa. Walubengo akaikazia macho picha. "Ini lako limejaa mafuta."

"Lakini daktari, mimi nilitaka kusema nimemkosa bibi yangu!"

Walubengo akacheka mpaka nesi akachungulia. Kisha akavuta kiti.

"Basi huzuni yako imetusaidia. Damu ikitoka tumboni na chakula, inapitia kwa ini kwanza. Hapo sumu zinavunjwa, nyongo inatengenezwa, na sukari inawekwa akiba, ndiyo ukilala mwili usikose nguvu. Lakini ghala likijaa na wewe bado unamimina soda, ini linaigeuza hiyo sukari kuwa mafuta."

"Na halikuniambia?"

"Ini huvumilia sana, Mzee. Likianza kulalamika, mara nyingi umechelewa. Wewe bado mapema. Acha soda, tembea, punguza uzito, litajisafisha lenyewe."

Absalom akampigia Dorca simu. "Mama Elsie, wameona mafuta kwa ini yangu."

"Mafuta gani?"

"Ya chipsi."

"Baba Elsie, si nilikuachia sufuria?"

Kesho yake Dorca akarudi na omena, dagaa wa ziwani, na gunia la osuga, zile mboga chungu. Tangu hapo, kila jioni walionekana wakitembea Manyatta, yeye mbele na kanga kiunoni, mumewe nyuma akihema na kusalimia watu ili apate kupumzika.

Miezi ikapita, wakarudi kliniki kupiga picha. Mafuta yalikuwa yamepungua sana. Absalom akamwinamia Walubengo na kunong'ona, "Mwambie osuga mara moja kwa wiki inatosha."

Walubengo akamtazama Dorca aliyekuwa ameketi mlangoni, mkoba mapajani.

"Mzee," akasema, "mimi bado nataka kuishi Kisumu."