Vifigo vya Baba Mdogo Iddi

Jamani, nacheka kwa sababu mnacheka ninyi, lakini kuna nyumba moja Unyambwa ambayo mpaka leo nikipita mlangoni natazama chini, maana mimi Zuhura, msomi wa ukoo, nilisimamisha mazishi ya baba yangu mdogo kwa kiherehere tu.

Baba mdogo Iddi alikufa kwa ugonjwa wa figo. Mimi nilikuwa likizo kutoka huko nje ninakosoma, na kazi yangu (hapa nisikilizeni vizuri) ni figo hizohizo: tunachukua damu ya mtu, tunazirudisha seli zake kwenye uchanga, tunazilea kwenye kabati lenye joto kama la mwili mpaka zijikusanye ziwe vifigo vidogo kama punje za uwele, halafu tunaviumiza kwa dawa makusudi, tuone vinavyojiponya. Mwaka mmoja kabla, baba mdogo alinipa damu yake kwa hiari, akicheka, akasema nichukue kabla haijaharibika yote.

Basi siku ya msiba tumekaa ndani kwenye mikeka, mwili uko chumba cha pili umeshavishwa sanda, wanaume wako nje na jeneza, na upepo wetu wa Singida mnaujua, unapiga bati mpaka mtu anageuka kuangalia nani anabisha hodi. Binamu yangu Mwajuma akaninong'oneza, eti hivi wewe unasomea nini hasa. Ningesema udaktari, yangeisha. Mimi nikatoa simu. Mwenzangu wa maabara alikuwa amenitumia video asubuhi ile: vifigo tulivyoviumiza vinaziba vidonda polepole, vinatanuka, vinajivuta, kama vinapumua. Mwajuma akauliza ni vya nani.

"Vya baba mdogo," nikasema.

Simu ikanitoka mkononi. Ikaenda mkeka hadi mkeka, na kila ilipofika kilio kilikatika, mpaka likabaki bati peke yake, mwisho ikafika kwa mama mdogo Salima, mjane mwenyewe. Akaitazama muda mrefu. Akauliza kama hiyo ni ya zamani. Nikamwambia ni ya leo (mimi na ukweli wangu). Akanyanyuka, akaenda kukaa kwenye mlango wa chumba chenye maiti, akasema mumewe hazikwi akiwa bado yuko hai mahali.

Wanaume wakaitwa. Shehe akaingia, nikamwamkia shikamoo, naye akaniuliza taratibu, mbele ya ukoo mzima:

"Hicho kitu, mwanangu, kinajua kwamba mwenyewe amekufa?"

Mtu mwenye akili angeeleza kwamba hakina ubongo, hakijui lolote la duniani. Mimi nikajibu, "Hakijui."

Weee. Wanawake waliangua kilio ambacho sijawahi kukisikia, Mwajuma akakimbilia nje, waliokuwa wakichimba kaburi wakaweka majembe chini, na mimi nilitamani nizikwe humo mimi. Aliyetuokoa ni bibi, mama yake marehemu. Aliichukua simu kwa mikono miwili, akaisogeza mdomoni, akaiambia kwa Kinyaturu, kwa sauti ya kumwamsha mtoto, kwamba Iddi, umekufa mwanangu, usihangaike tena kujitibu. Haki ya Mungu, simu ikalia palepale. Ilikuwa picha mpya kutoka maabara. Vifigo vyote vimepona.

Niliogopa, sifichi. Mama mdogo aliitazama ile picha, akaondoka pale mlangoni, jeneza likapita. Ila mimi akanishika mkono.

"Huyu wanamzika wao," akaniambia. "Yule mwingine utamtunza wewe."

Tangu hapo kila Ijumaa ananipigia kuulizia hali yake. Nami, kwa aibu ya siku ile, namjibu. Mwezi uliopita utafiti ulikwisha, sahani zenye vile vifigo zikatolewa kwenye kabati, zikamwagiwa dawa, zikatupwa, ndivyo utaratibu ulivyo, na mkono uliotupa ni wangu. Kwa hiyo mkinisikia msibani au harusini nasema kazi yangu ni kushona nguo, msinisute, simu yangu haitoki tena mkobani mbele za watu.

Ijumaa ya wiki ile niliyovitupa, mama mdogo akapiga kama kawaida.

"Hajambo?"

"Hajambo, mama."

"Mbona jana nimemwota anasema anasikia baridi?"