Mablanketi ya Mama Mdogo

Juzi, dukani katikati ya Durban, nilinusa mablanketi mapya, na hasira ya utotoni ikanirudia.

Mama mdogo alikuwa ameolewa na Mzulu, kule Umlazi. Ua ulinuka moshi na nyama ya ng'ombe. Bibi harusi mwenyewe ndiye aliyegawa zawadi: kila mkwe alilala mkekani, akafunikwa blanketi, kisha akainuka nalo akicheza huku vigelegele vikipigwa. Leo najua ile ni heshima kwa ukoo alioingia. Siku ile nilidhani tunamkomboa arudi nyumbani. Nilivuta kanga ya Mama: "Bado tu? Wanatuonea!" Akanifinya.

Mablanketi yalipokwisha, nilikimbilia garini nikamwekea mama mdogo nafasi dirishani. Mama akapanda, akafunga mlango.

"Mbona haji? Si tumeshawapa kila kitu?"

"Kila kitu," alisema Mama, bila kunitazama. "Na yeye."