Mtumbwi Ulale Majini

Nakumbuka mwaka ule wa ugali wa njano, ugali wa mahindi ya msaada, unashiba lakini hamu iko palepale. Mihogo ilikuwa imekauka shambani. Sisi tulikuwa tumehamishiwa kijiji cha ujamaa, mbali na ziwa, na mtumbwi wetu ukabaki mwaloni, pale wavuvi wanapoegesha, unaanikwa na jua.

Mjukuu wangu, nimesikia mnapanga kwenda kisiwani na watoto, mkalale huko na kuvua. Vizuri. Hata sisi tulipangaga. Babu yenu alisema twende dago, kambi ya wavuvi kisiwani, familia nzima, tuvue furu na kuwakausha mpaka mvua irudi. Nikafungasha chungu, mikeka, chumvi na unga uliobaki. Kaka yangu wa Nyasura alituletea pamba mwaloni, wanaume wakaisokomeza kwenye nyufa za mbao za mtumbwi. Hawajamaliza hata kunawa mikono, shemeji yangu Manyama akasema, "Pakieni, twende."

Nikagusa zile mbao. Kavu kama mfupa. Nikasema, "Sipandi, na mtoto wangu hapandi, mpaka mtumbwi ulale majini."

Manyama alicheka mpaka akashika mbavu. "Shemeji, wewe mtoto wa ng'ombe wa Bunda! Ziwa umelijua lini, jana ulipooga?"

"Ng'ombe walininywesha maziwa. Ziwa lako leo limekunywesha nini?" nikamjibu. "Jembe likilegea kwenye mpini, si tunaliloweka usiku kucha, mti uvimbe, ndipo tukalime? Na huu je, si mti?"

"Wenzetu watamaliza samaki!"

"Samaki wakiisha tutarudi. Mtoto akizama harudi."

Shangazi yenu Nyamisi, mdogo wa kubebwa mgongoni, alikuwa analia njaa. Kila akilia, miguu yangu ilitaka kupanda yenyewe. Lakini mchelea mwana kulia hulia yeye. Nikakaa juu ya mizigo yangu, ting'! Babu yenu akanitazama, akamtazama mtoto, halafu akaanza kubeba mawe. Wakaujaza mtumbwi mawe, ukazama kwenye maji ya magoti. Unga wa safari nikausonga palepale mwaloni, tukala.

Asubuhi mbao zilikuwa zimevimba, na pamba ya mshono mzima, pale ubao unapokutana na ubao, imetemwa, inaelea pembeni kama povu. Manyama akaiokota, akaikamua. Akausokomeza ule mshono upya kwa mkono wake mwenyewe, na mtumbwi ukalala majini tena. Kesho yake tulipoanza kuvuka akaniuliza, "Haya shemeji, umepanda?"

"Nimepanda. Piga kasia."

Basi mjukuu wangu, safari ya ziwa inaanzia mwaloni, haianzii kisiwani. Usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini katikati ya ziwa ukuta utaujengea wapi? Lowekeni mbao kabla ya kupakia. Vukeni asubuhi, upepo haujaamka. Anayebaki nyumbani ajue mtalala wapi. Na mtoto akilia kwamba safari imechelewa, mwacheni alie, ana pumzi za kulilia.

Mungu awape maji matulivu na nyavu nzito, mrudi wote mlivyoondoka. Na mimi mkinifuata twende wote, nitakuja, chungu changu bado kipo. Ila mkinikuta mwaloni na mbao kavu, jibu langu ni lilelile: "Sipandi, na mtoto wangu hapandi, mpaka mtumbwi ulale majini."