Kuku wa Mama Divine

Pélagie alimshika kuku wake kwa mabawa, akamkagua vizuri kabla ya kumfunga miguu. Alikuwa mtetea mwekundu, mnono, anayekaribia kutaga. Kwao Walungu, Kivu ya Kusini, mtu hashukuru kwa jogoo. Jogoo huliwa siku hiyo hiyo na kesho yake amesahaulika, lakini mtetea atataga na kuangua, na wema uliotendewa uendelee kuzaa uani kwa aliyeutenda. Tena aliyekusomeshea mtoto hushukuriwa kabla ya sherehe. Kula karamu kwanza na kushukuru baadaye ni tabia ya mtu asiye na malezi. Hayo ndiyo aliyoyajua Pélagie, na ndiyo pekee yaliyokuwa kichwani mwake alipotoka Rubondo, kule katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, kwenda Mbarara kumshukuru mkubwa wa chuo.

Laiti mtu angemwambia anaingia wapi.

Binti yake, Divine, alikuwa amemaliza ualimu katika Chuo Kikuu cha Rwizi, chuo cha umma kilichoko Kakiika. Pélagie alimsomesha kwa jembe. Alilima maharage kwenye kipande chake cha ardhi Rubondo, akauza mihogo sokoni Kabingo, mwaka baada ya mwaka, peke yake, mjane wa vita. Sasa mambo yalikuwa yamekaa sawa. Nicodème, Mrundi aliye mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi pale Rubondo, alikuwa amemwekea Divine darasa la tatu, kwa sharti moja tu: alete cheti kabla muhula haujafunguliwa. Kina mama wa kanisa nao walikwisha kushona kitenge cha sare, kijani chenye maua ya njano, kwa sababu kwao sherehe isiyo na sare ni kikao tu.

Na chuoni je? Chuoni walikuwa wameshikana mashati. Baraza la Chuo, lile linalowaajiri wakubwa na kuwafukuza, lilikuwa limemsimamisha Makamu Mkuu, yaani mkuu mtendaji wa chuo, Profesa Bategyeka, na kumweka Daktari Kakuru akaimu nafasi yake. Bategyeka akasema kikao hicho hakikutimiza akidi, akaondoka na muhuri wa chuo ndani ya gari lake. Kakuru akabadilisha kufuli za ofisi. Nusu ya Baraza ikawa inakutana hotelini na Bategyeka, nusu nyingine inakutana chuoni na Kakuru, na kila nusu ilijiita Baraza na kula chakula cha Baraza. Mahafali yakaahirishwa, yakaahirishwa tena. Watu wazima, wenye shahada za kujaza ukuta, waligombea kiti kama watoto wanaogombea ukoko wa sufuria, na mamia ya vijana waliomaliza masomo wakakaa nyumbani wakisubiri.

Divine aliyajua yote hayo. Lakini aliona aibu kumwambia mama yake kwamba mahali alipopasifia kwa miaka yote hiyo pamekuwa hivyo. Alimwambia tu kuna shida kidogo ya wakubwa, itaisha. Basi Pélagie akasikia kwamba itaisha, akafunga kuku na kwenda bila kumuaga.

Langoni askari alimzuia.

"Nyabo, mama, wewe naenda wapi na kuku?"

"Niko naenda kushukuru mukubwa wa masomo. Mutoto yangu amemaliza."

Askari akacheka mpaka akashika mkanda wa suruali. "Mkubwa gani? Hapa sasa iko wakubwa mbili."

"Ule mwenye anakaa mu bureau."

"Haya. Huyo iko juu, ghorofa ya pili."

Pélagie alidhani yule mkubwa mwingine ni msaidizi. Kila mkubwa ana msaidizi. Akapanda ngazi.

Daktari Kakuru alimpokea kwa mikono miwili, kama ndugu aliyepotea. Akamkalisha kwenye kochi. Akamwita msemaji wake aje na simu, akaandika jina la Pélagie na la binti yake, wakapigwa picha, Kakuru amembeba kuku kifuani na Pélagie anatabasamu kando yake. Pélagie alishuka ngazi moyo umetulia. Aliona kumbe wasomi nao ni watu, wanajua kupokea.

Jioni ile ile picha ilikuwa imezagaa kwenye simu za Mbarara nzima, na juu yake maneno haya: "Wazazi wakimbizi wa Nakivale wamtambua Kaimu Makamu Mkuu." Pélagie mmoja alikuwa amegeuka wazazi. Divine alimletea mama yake simu.

"Mama, ulienda kupatia ule mutu kuku?"

"Nilienda kushukuru. Ni mubaya?"

"Pale batu beko banapigana, mama! Kuku yako bameifanya kura."

Pélagie hakuelewa jinsi kuku anavyoweza kuwa kura. Lakini aliiona sura ya mwanawe, akaanza kuogopa.

Baada ya miezi miwili hivi, mahakama ikamrudisha Bategyeka. Baraza likageuka naye. Wale wale waliokuwa wakimpigia Kakuru makofi sasa walimpigia Bategyeka, bila haya, bila hata kubadilisha makoti. Kakuru alitoka kwa mlango wa nyuma. Makamu Mkuu aliyerudi akatangaza mahafali ya haraka, ili watu wamwone na joho lake.

Siku hiyo kina mama wa Rubondo walifika na sare yao ya kijani, wakaketi kwenye nyasi, vigelegele vikiwa tayari mdomoni. Majina yakasomwa. Waliomaliza ualimu wakasimama kwa zamu, wakashangiliwa. Jina la Divine halikutajwa. Kina mama wakaangaliana, wakafikiri ni safu inayofuata. Halikutajwa mpaka mwisho, na yule msomaji akafunga faili akaenda kunywa maji. Divine alibaki amesimama na joho la kuazima, kati ya wenzake wanaokumbatiana, akawa hajui aweke wapi mikono.

Pélagie alimshika mkono wakapanda zile zile ngazi.

Safari hii walipokelewa na katibu wa Profesa Bategyeka, mwanamume wa tai nyekundu mwenye sauti laini. Alifunga mlango. Akaweka simu yake mezani, na ndani yake picha ya Kakuru na kuku.

"Mama, hapa hakuna ubaya," akasema kwa Kiswahili cha polepole. "Binti amefaulu, tunajua. Ila kuna majina tumeyaweka kando kwanza, kwa uchunguzi. Sisi tunataka kujua kitu kimoja tu. Wewe uko upande gani?"

Swali hilo Pélagie alilijua. Aliulizwa mumewe, Patient, kwenye kizuizi cha barabara ya kutoka Kamanyola, na wanaume wenye bunduki: "Uko wa nani?" Patient aliwatazama sare zao, akajaribu kubahatisha wanataka kusikia nini, akataja jina la kundi. Halikuwa kundi lao. Pélagie alikuwa nyuma yake, Divine yuko mgongoni, mdogo bado. Tangu siku hiyo alivuka mpaka, akajenga nyumba ya udongo, akazeeka, yote hayo ili mtu yeyote asimuulize tena swali hilo. Na sasa anaulizwa swali lile lile kwenye kiti cha ngozi, na mtu aliyefunga tai.

Katibu aliendelea. Alisema ni jambo dogo. Mama aseme tu mbele ya simu kwamba watu wa Kakuru walimfuata kambini, wakampa kuku wa kubeba, wakamfundisha maneno. Watairekodi, Baraza litaiona, na Profesa atasaini cheti leo hii kabla hajavua joho.

Nje muziki wa sherehe ulikuwa ukipigwa. Shule zilikuwa zinafunguliwa Jumatatu.

"Mama," Divine akanong'ona, machozi yanamtiririka. "Sema tu. Ni maneno tu."

"Baba yako naye alisema maneno tu."

Pélagie akasimama, na hasira iliyompanda ilikuwa kubwa kuliko yeye, mpaka katibu akasogeza kiti nyuma.

"Kule kwetu benye kuuliza ile swali balikuwa batu ba musitu. Hawakusoma! Hawakuona hata mulango ya masomo! Ninyi mumesoma mpaka mumeota mvi, munakuja kuuliza sawa bale batu? Mi sina upande. Nilikuwa na kuku. Iko wapi?"

"Nini, mama?"

"Kuku yangu. Iko wapi?"

Katibu alidhani mama amerukwa na akili. Lakini kuku alikuwepo. Kakuru alimwacha hapo hapo siku alipokimbia, na wapishi walikuwa wamemfuga nyuma ya jiko, akataga na kuangua. Alikuwa akipekua taka na vifaranga vyake, mnono kuliko alivyoletwa. Kuku huyo ndiye pekee aliyezalisha kitu chuoni hapo mwaka huo. Pélagie alishuka akamtafuta mpaka akampata, akamkamata, akakusanya vifaranga ndani ya kikapu cha wapishi bila kuomba ruhusa.

"Mama, hapana," Divine akasema, amejifunika uso. "Mama, usifanye ile."

Maana kwao shukrani hairudishwi. Pélagie mwenyewe hakuwahi kuona ikifanyika. Alimsikia tu bibi yake akisimulia kwa sauti ya chini. Aliyenyang'anywa shukrani huhesabiwa kwamba hakutenda jema lolote, na uani kwake hapamei kitu. Ndiyo maana Pélagie hakupitia njia ya nyuma. Alikata katikati ya nyasi, mbele ya hema la wageni, ambako Baraza zima lilikuwa limeketi na majoho mekundu likila kuku wa wengine. Profesa Bategyeka alikuwa na paja mkononi.

"Nilileta aksanti," Pélagie akasema, na muziki haukumshinda. "Sasa ninairudisha ku nyumba. Hapa hakuna fasi yake. Siku mutapata mukubwa moja, na mutoto yangu atapata cheti yake, nitaileta tena."

Walinzi wakamtazama Profesa, Profesa akatazama sahani. Wengi pale hawakuelewa kilichotendwa, walimwona mkimbizi aliyedai kuku. Lakini wale kina mama wa sare ya kijani walielewa. Walisimama wote bila kuambizana, wakamfuata hadi langoni, na hakuna hata mmoja aliyepiga kigelegele.

Jumatatu Nicodème alisubiri mpaka kengele, kisha darasa la tatu akalipa mtu mwingine. Hakuwa na la kufanya, na alikuja mwenyewe kusema hivyo, kofia mkononi. Divine alikaa siku nyingi hazungumzi na mama yake. Alipozungumza alisema, "Yalikuwa maneno tu, mama," na Pélagie akachukua jembe. Sasa wanalima wawili. Cheti hakijasainiwa. Kakuru amekata rufaa, na Baraza limegawanyika tena, safari hii nusu zenyewe zimegawanyika.

Kuku amefungwa kamba mlangoni kwa Mama Divine. Hachinjwi na hauzwi, ingawa wapo waliotaka kumnunua. Divine ndiye anayemlisha kila asubuhi. Ukipita Rubondo, simama, uliza habari za kuku huyo, utaelezwa zote na utapewa na kiti. Usimuulize tu Pélagie yuko upande gani.