Marlys na Kona ya Kushoto

Marlys Hrynkiw hakuumizwa na mpinzani, na hilo lilimkera kuliko maumivu yenyewe. Aliangukiwa na wifi yake, dada wa mumewe, tena wakiwa wamevaa jezi za rangi moja, dakika sita kabla ya mchezo kwisha, huku tukiongoza kwa mabao matatu na hatuna haja ya kumkimbiza mtu yeyote.

Mimi ndiye golikipa wa timu yetu ya hoki ya barafuni, Kunguru wa Dunmarrow, na golikipa huona kila kitu kwa sababu hana pa kwenda. Nilimwona Marlys, beki wetu wa kushoto, akiteleza kukiwahi kisahani, kile cha mpira tunachokigombea kwa fimbo, kwenye kona. Nilimwona Larissa, wifi mwenyewe, akija nyuma yake kwa kasi ambayo hajawahi kuwa nayo tangu azaliwe, akajaribu kufunga breki, breki zikagoma. Wote wawili wakaenda ukutani. Larissa akainuka. Marlys akabaki chali juu ya barafu, akilitazama paa la uwanja, kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Larissa, umenivunja goti, ng'ombe wewe."

Ilikuwa Februari. Mwezi wa Mei wakampasua huko mjini, wakachukua ukano wa nyuma ya paja lake wakautia ndani ya goti mahali pa ule uliokatika. Daktari akamwambia miezi tisa bila mchezo. Marlys akamuuliza kama tisa hiyo ni tisa ya kweli au ni tisa ya madaktari. Akajibiwa kuwa kwa mwanamke wa miaka arobaini na minne, tisa hiyo inaweza kuwa kumi na mbili.

"Arobaini na mitatu," akasema Marlys. "Birthday yangu ni Agosti."

Mtu kama huyo ukimkalisha kitini umejitafutia ugomvi. Amecheza hoki tangu akiwa na miaka mitano, zama ambazo wasichana wa Dunmarrow hawakutosha hata timu moja, akawa anacheza na wavulana na kuwatoa machozi. Siku za kazi yuko kwenye duka la vipuri vya matrekta, nyuma ya kaunta, na hakuna mkulima wa upande wetu asiyepita pale. Kwa hiyo hakuna mkulima ambaye hakuuliza. Mtu anakuja kutafuta mkanda wa mashine ya kuvunia, ngano inamsubiri shambani, lakini kwanza ataegemeza viwiko kaunta na kuinamisha kichwa kama yuko msibani: "Goti vipi, Marlys?"

Kufika Julai alikuwa amebandika karatasi kaunta, kwa herufi kubwa: GOTI LIPO. UNATAKA NINI?

Haikusaidia kitu. Watu waliisoma, wakacheka, halafu wakauliza, "Kwa hiyo linaendeleaje?"

Nyumbani ndiko kulikokuwa na balaa zaidi. Mumewe, Orest, ni mtu mpole, mkubwa kama ghala, na upole wake ulikuwa umegeuka kuwa gereza. Alifunga vyuma vya kushikilia bafuni. Alimpigia simu dukani kila saa nne asubuhi kumuuliza kama ameinua kitu kizito. Siku moja mwezi wa Novemba Marlys akaingia stoo kutafuta viatu vyake vya barafu, akavikosa. Akatafuta chini ya ngazi, akatafuta kwenye gari. Mwisho akavikuta kwenye banda la kuku, ndani ya debe, vimefunikwa kwa gunia.

Akavibeba mpaka jikoni, akaviweka mezani mbele ya chakula cha Orest.

"Hivi ni nini?"

"Viatu vyako," akasema Orest.

"Vilikuwa kwa kuku."

"Nilikuwa navipeleka kunolewa."

"Kuku ndio wanaonoa siku hizi?"

Orest akaweka uma chini. "Marlys, mimi nilikubeba siku ile kutoka kwenye gari. Ulikuwa unauma kola ya koti langu ili usipige kelele. Sitaki tena."

"Sasa wewe hutaki, basi mimi nife nikitazama televisheni?"

Hawakusemeshana siku mbili. Nayajua haya kwa sababu siku zote mbili Marlys alikuja kunywa kahawa kwangu, na kila kikombe alikinywa pamoja na jina la Orest.

Desemba akaruhusiwa kuteleza peke yake, bila mchezo. Lakini kabla ya kurudi mchezoni ilimlazimu afaulu mtihani wa Bronwyn, binti aliyekuwa akimfanyisha mazoezi ya viungo kule zahanati. Bronwyn ana miaka ishirini na sita na sauti laini ya mwalimu wa chekechea. Mtihani wenyewe ni kuruka kwa mguu mmoja. Unaruka kwa mguu mzima, wanapima. Unaruka kwa mguu mbovu, wanapima. Mguu mbovu ukifika tisini kwa mia ya mzima, umepita.

Mara ya kwanza Marlys alipata sabini na moja.

"Umefanya vizuri sana!" akasema Bronwyn.

"Nimefeli."

"Hatusemi kufeli hapa. Tunasema tuko safarini."

"Mwanangu, mimi nauza vipuri. Kifaa ama kinaingia ama hakiingii. Nimefeli. Lini nirudi?"

Mara ya pili akapata themanini na nne. Alitoka zahanati akiwa amekasirika kiasi kwamba alisahau kofia, na nje baridi ilikuwa nyuzi thelathini na moja chini ya sifuri. Kila asubuhi kabla ya kazi alikuwa akipanda na kushuka ngazi za ghorofa ya chini, mfuko wa mbegu begani, Orest akisimama juu ya ngazi mikono kifuani kama askari wa mpakani. Mara ya tatu akapata tisini na mbili. Hakushangilia. Alimwambia Bronwyn aandike kwenye karatasi na apige muhuri, maana nyumbani kuna mtu hataamini.

Basi Jumapili ya mwisho ya Februari, mwaka mzima na siku chache tangu aanguke, Marlys akavaa jezi. Nilidhani siku hiyo atafurahi. Sote tulidhani hivyo. Tulimpigia makofi akiingia kwenye barafu, na wapinzani nao wakagonga fimbo zao chini kumkaribisha. Naye akanuna, kwa sababu aliona tayari kinachokuja.

Hakuna aliyempa kisahani. Nasema kweli tupu, mimi nilikuwa nyuma yao na niliona. Larissa, ambaye hucheza katikati, alikuwa akimtazama Marlys yuko wazi kabisa, fimbo chini, anaita, halafu anageuka kumpa mtu aliyezungukwa na watu watatu. Wapinzani nao walikuwa hivyo hivyo. Katika hoki ya wanawake hairuhusiwi kumgonga mtu makusudi, lakini kwenye kona watu husukumana bega kwa bega, ndio mchezo. Siku hiyo walimzunguka Marlys kama mtu anavyozunguka shimo barabarani. Kuna mmoja, Jodi Kasper, daktari wa mifugo wa mji wa jirani, mwanamke mrefu anayesukuma ndama kwa mkono mmoja. Alimkaribia Marlys, akasita, akasema, "Samahani," akapita pembeni.

"Samahani ya nini?" Marlys akafoka. "Hata hujanigusa!"

Tulishinda mawili kwa moja. Kwenye chumba cha kubadilishia nguo Marlys aliitupa kofia yake ngumu ndani ya begi, ikadunda ikatoka.

"Haya nyie," akasema. "Nimecheza dakika kumi na moja. Kisahani nimekigusa mara mbili, na mara moja kilinigonga chenyewe. Mimi ni nani humu? Maua ya mezani?"

Watu wakajishughulisha na kamba za viatu.

"Larissa, nakuuliza wewe. Nilikuwa wazi."

"Sikukuona," akasema Larissa.

"Ulinitazama usoni, wifi! Mpaka nikaliona pengo la jino lako!"

"Basi nilikuona!" Larissa akasimama, jasho na machozi vinamchuruzika pamoja. "Nilikuona, na nikaona nikikupa watakuja kwako. Ule mlio, Marlys. Goti lilipokatika. Unadhani uliusikia peke yako? Mimi nilikuwa juu yako. Niliusikia kwa mbavu. Nikipika nausikia, nikivunja kuni nausikia."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo siwezi!"

"Mwaka mzima umeniletea pirohi, hayo maandazi yako ya viazi, kila Ijumaa," akasema Marlys. "Nimekula viazi mpaka suruali zimenikataa. Nimesamehe, sikia, nimesamehe toka Machi. Sasa nimechoka kukusamehe. Nataka pasi."

Hapo ningenyamaza yangeisha vizuri. Lakini siku ile na mimi nilikuwa nimechoka, nimezuia mashuti ishirini na tisa, mgongo unaniuma. Nikasema, "Na wewe mwenyewe je?"

Akanigeukia. "Mimi nini?"

"Kisahani kimeingia kona ya kushoto mara nne. Kona yako. Mara nne umepunguza mwendo, ukangoja mwingine akifuate. Hakuna aliyekuzuia, Marlys. Nilikuwa nakuona."

Marlys alinitazama kama nimemvua nguo, akachukua begi lake, akatoka na nusu ya vifaa vyake havijaingia begini, kamba za viatu zinaburuzika sakafuni.

Hakuja kunywa kahawa wiki hiyo. Jumatano mashine yangu ya kusukuma theluji ikakatika pini, nikalazimika kwenda dukani. Alinipa pini bila kuniangalia. Nilipofika mlangoni akasema, "Mara tatu."

"Nini?"

"Siyo mara nne. Ile ya mwisho kisahani kilitoka nje."

"Sawa," nikasema. "Mara tatu."

Akapanga risiti zilizokwisha kupangwa. Kisha akasema, bado hanitazami, "Kichwa kinasema nenda. Halafu miguu inaniuliza, una uhakika? Nimekaa mwaka mzima nikiwakasirikia wote kwa kunifanya yai. Na kumbe yai ni mimi." Akapiga kaunta kwa kiganja. "Inanichefua!"

Nilimwambia mazoezi ni Alhamisi saa kumi na mbili jioni.

Jumapili iliyofuata tulicheza tena na timu ya kina Kasper, kwao. Kipindi cha kwanza Larissa alimpa Marlys pasi moja, ya woga, kisahani kikienda polepole kama mzee anayevuka barabara, lakini alimpa. Kipindi cha pili, tukiwa sare tatu kwa tatu, kisahani kikaingia kona ya kushoto. Kasper akakifuata. Nikamwona Marlys akipunguza mwendo. Nilijua. Niliinama kujiandaa na shuti.

Halafu sijui kilichompata. Alitoa sauti, siyo neno, mngurumo tu kama gari linalokataa kuwaka asubuhi, akaenda. Alichelewa, akafika vibaya, fimbo yake ikaingia katikati ya miguu ya Kasper, na wanawake hao wawili wakaenda ukutani kwa kishindo kilichotikisa vioo.

Orest alikuwa amesimama jukwaani, bakuli la chipsi limemwagika miguuni mwake. Larissa aliweka glavu mdomoni. Kasper akaanza kuinuka, akamshika Marlys bega, "Uko sawa? Jamani, uko sawa?"

Refa akapuliza filimbi, akanyoosha mkono. Kumkwatua mtu kwa fimbo. Dakika mbili nje.

Na Marlys akafufuka. "Nini? Mimi? Nimekwenda kwenye kisahani!"

"Umemkwatua," akasema refa.

"Amejiangukia! Mwanamke mzima, futi sita, ataangushwa na mimi mwenye goti la kushonwa?"

"Sasa unatumia goti?" akauliza Kasper.

"Wewe nyamaza, nenda ukazalishe ng'ombe!"

Kasper akacheka mpaka akajikunja. Refa akasema likitoka neno moja zaidi itakuwa dakika nne. Marlys akaenda kwenye kibanda cha adhabu akiburuza fimbo, akaketi, akaupiga mlango kuufunga, na kwa dakika mbili zote alikuwa anamfokea refa kupitia kioo, uso mwekundu. Nilimwona vizuri kutoka golini. Hakushika goti hata mara moja.

Katika dakika hizo mbili, tukiwa pungufu mchezaji mmoja, walinifunga. Ndilo bao lililotumaliza, nne kwa tatu. Kocha alimwambia Marlys kuwa amepoteza mchezo, naye akajibu kuwa anajua na hahitaji kukumbushwa.

Goti lilivimba usiku ule, likamkosesha mchezo mmoja. Bronwyn alisema ni kawaida. Ambacho hakijarudi mpaka leo ni uwezo wa kwenda kinyumenyume na kugeukia kushoto kwa haraka. Beki asiyeweza hilo si beki. Msimu uliofuata kocha akamhamishia mbele, winga, na Marlys akakasirika mwezi mzima, akisema winga ni kazi ya wavivu na wapenda kupigwa picha. Amefunga mabao saba huko. Bado analalamika.

Orest bado anakuja kila mchezo, na bado haangalii kisahani kikiwa kona. Hutazama saa ya ukutani. Na Larissa sasa anatoa pasi, ila ni pasi za Larissa, hazina anwani. Jumapili iliyopita moja ilipita nyuma ya Marlys kwa hatua mbili ikaenda kwa adui.

"Wifi, macho yako yako wapi?" Marlys akapiga kelele mbele ya watu wote.

"Yako mbele!" Larissa akamjibu. "Wewe ndiye umechelewa, bibi!"

"Bibi ni mama yako!"

"Mama yangu ni mkwe wako, nitamwambia!"

Waliendelea hivyo mpaka benchi, mmoja akimsukuma mwingine kwa bega, na ikabidi nipige fimbo yangu kwenye mwamba wa goli kuwakumbusha kuwa mchezo bado haujaisha.