Tuachieni pa Kuitikia

Mwanangu, siku ya harusi ya dadangu Mwanamisi, hapa hapa Likoni, kila nikiikumbuka hucheka peke yangu. Nilikuwa kijana, mpuliza chivoti, ile filimbi yetu ya mwanzi, na wenzangu wawili wa kayamba na ngoma. Mwanamisi alikuwa na ombi moja tu: tumpigie wimbo wa Kizungu uliokuwa ukivuma redioni.

"Nataka harusi yangu ichezwe, kaka," aliniambia. "Wakwe zangu wa Chaani wasije wakaona watu wamekaa kama matangani."

Basi tukaufanyia mazoezi mpaka nadhani hata mbuzi wa jirani waliujua. Siku ikafika, tukaupiga bila kukosea popote. Na watu? Kimya! Wamekaa, wanatutazama kwa adabu. Bibi harusi kainamisha uso, na si kwa haya. Iliniuma, wallahi.

Mara akainuka shangazi yetu Mwanasha, kiongozi wa kina mama wa vugo, wanaogonga pembe za nyati harusini. Nikajua sasa naambiwa mwacha mila ni mtumwa. Nikamwahi, "Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Wimbo mtamu huo, usinitazame hivyo. Lakini sisi tuingie wapi? Mmeujaza pomoni, hamkutuachia hata pa kuitikia! Piga kipande, kisha nyamaza."

Nikapiga, nikanyamaza. Kina mama wakakidaka kwa pembe na vigelegele. Maneno ya Kizungu hawayajui, wakatia jina la Mwanamisi. Eeh! Kayamba likajibu, nao wakajibu tena. Wazee wa Chaani ndio waliotangulia kuinuka, viatu wameviacha jamvini. Naye Mwanamisi, bibi harusi aliyetakiwa kukaa kitako macho chini, alicheka mpaka wanja ukamchuruzika.

Nawasikia nyinyi vijana wa kule Mjambere mnavyopiga nyimbo za Ulaya kwa kayamba na zumari, na wazee wenzangu wananuna. Mimi sinuni. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Pigeni! Ila, mwanangu, usihangaike wimbo wako ufanane na ule wa kwenye simu. Aliye mbele yako hakuja kukusahihisha, amekuja kufurahi nawe. Mwachie nafasi aingie, hata akikosea.

Mola awape pumzi ndefu na mikono myepesi, na harusi zenu nizione ningali na miguu ya kuchezea. Amin.