Kamera Yangu ya Vitwitwi

Naona aibu kusema, lakini kamera niliyoitundika shingoni mwaka mzima haikuwa na filamu. Wahindi walipofukuzwa, maduka ya picha yalifungwa, na filamu ikaadimika kuliko sukari. Ningeiacha nyumbani. Lakini majirani zangu wa Mbuya walinijua kama mpiga picha wa vitwitwi, wale ndege wadogo wanaokuja kudonoa matope ya ziwa kila baridi ya Ulaya inapoanza, nami nilijisikia sana. Kila Jumapili nilikwenda Ggaba, ufukweni mwa ziwa, nikalala kifudifudi kwenye tope kama kambare, nikabofya kamera tupu.

Jumapili hiyo wanajeshi wawili walinikuta.

"Wewe napiga picha ya nini hapa?"

"Vitwitwi, afande."

Wakaniamuru nivue viatu. Kampala nzima ilijua mtu anayevuliwa viatu hapelekwi nyumbani.

Ndipo alipotokea Sajini Okot, jirani yangu, mkononi ameshika sato aliyemnunua sokoni.

"Huyu mutu najua mimi," aliwaambia. "Iko napiga picha ya ndege tu, kila Jumapili. Toa filamu, peleka isafishwe, mutaona. Kama nadanganya, na mimi nivue viatu."

Nilipaswa kusema pale pale. Lakini niliona haya mbele ya Okot.

Mkubwa wao akaifungua kamera. Akachungulia ndani, akaitikisa.

"Filamu umeficha wapi?"

Okot alinitazama mara moja tu. Kisha akaweka samaki chini, akainama, akaanza kufungua kamba za buti zake.